Karatasi nane, pini mbili, bei ya gorogoro

Jumamosi nilishinda sakafuni hapa kwangu Migosi, Kisumu. Nilikuwa nimepanga marundo nane ya karatasi kutoka mlangoni mpaka karibu na jiko, natembea kwa magoti nikichukua moja hapa moja pale, naziweka pamoja, nagonga kingo zikae sawa, nakunja, nasugua mkunjo na mgongo wa kijiko, natia kava, natia pini mbili, naweka kando, narudi mwanzo wa mstari. Mara 200, kwa nakala 200 za kijitabu changu ninachojichapishia. Nilianza saa tatu asubuhi na nikamaliza taa za barabarani zikiwa zimewaka, vidole vya mkono wa kulia vimekuwa bluu juu wino wa riso, ile mashine ya kuchapa, unashika mkono ata ukiupatia siku mbili ukauke. Jirani akapita akachungulia, akasema, "Pole na kazi sista, lakini si kuna watu wana mashine ya kufanya hivyo?" Nikamwambia ndio wako, lakini napenda kufanya mwenyewe. Jibu halikunitosha, na ndio maana nimekaa chini leo kuliandika vizuri.

Hapa kwetu ukisema kitabu umejichapishia, mtu anakuangalia kwanza na huruma. Sauti inashuka. "Kwani walikukatalia?" Ni kama umesema umefanya harusi bila wazazi kukubali. Kwa watu wengi njia ni moja tu, unaandika, unapeleka mswada, wakubwa wanakubali, kitabu kinatoka, na huyo mwingine wa kujichapishia ni yule aliyefungiwa mlango akaamua kupitia dirishani. Mimi nimekuja kuona ni ufundi wa kivyake kabisa, kama venye kushona nguo si kazi ya mtu aliyekosa pesa ya kununua nguo.

Ndio, niliwahi kupeleka mswada. Mchapishaji simtaji na sina kinyongo naye. Nilingoja miezi 14, alafu jibu likaja kwamba kazi ni nzuri, lakini haina mahali kwenye mtaala, je naweza kuibadilisha iwe kitabu cha kusoma darasani, kila sura imalizike na maswali? Nilivyotulia nikaelewa. Wachapishaji wetu unga wao ni vitabu vya shule. KICD, ile taasisi ya serikali ya mtaala, ndio inaidhinisha, na tangu 2018 serikali yenyewe inanunua na kusambaza vitabu moja kwa moja mpaka shuleni, kwa hivyo ukiwa nje ya ile orodha hesabu ya mchapishaji haitoki, na duka la vitabu ambalo lilikuwa linategemea wazazi mwezi wa Januari nalo limebaki likipumua kwa shida. Mtu wa biashara atafanya nini na kijitabu cha michoro ya mashine za kusaga?

Juu ndicho nilichokuwa nacho. Michoro na maneno machache kuhusu posho mill za barabara ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega. Kila nikienda nyumbani napanda matatu hapo stendi, tunapita Kondele, Mamboleo, tunapanda ule mlima mpaka Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali, Khayega, alafu Kakamega. Na kila mahali kuna kibanda cha mabati chenye maandishi yaliyochorwa kwa brashi, hakuna mawili yanafanana, kuna mwenye herufi nene zenye kivuli chekundu, kuna mwenye alianza na herufi kubwa akafika mwisho wa ukuta nafasi ikaisha ikabidi herufi za mwisho zikonde zibanane. Tunasaga mahindi, wimbi, mtama, muhogo. Hakuna deni. Nilichora 14. Nilikuwa nashuka, nachora, naongea na mwenye mashine, napanda matatu ingine.

Ile miezi ya kungoja jibu nikagundua kitu. Mimi kichwani nilikuwa na kitu cha kushika mkononi, nilijua ni kikubwa kiasi gani, kinafunguka wapi, karatasi yake inasikika vipi ukiipitisha kidole, ata nilijua msomaji akifika ule mlima wa Mamboleo awe amefika katikati ya kitabu. Lakini nilichompelekea mchapishaji ni faili. Nilimpa nusu ya kazi nikamwachia nusu ingine aamue, na hiyo nusu ingine ndio nilikuwa naipenda zaidi.

Kuna msanii wa Marekani anaitwa Ed Ruscha ambaye habari zake zilinifungua macho. 1963, akiwa bado kijana Los Angeles, alijitolea kitabu kidogo cha picha za vituo vya petroli, 26 kamili, kando ya ile barabara yao ya Route 66 inayoelekea Oklahoma City, na Oklahoma City ndiko alikokulia. Yaani ni barabara ya kwenda kwao! Jina la kitabu alilipata kwanza, picha akaenda kutafuta baadaye. Hakuna hadithi ndani, hakuna maelezo, ni picha za kawaida tu na jina la mahali. Nakala za kwanza 400. Maktaba kuu ya Marekani ikakikataa, na yeye akachukua ile habari ya kukataliwa akaifanya tangazo kwenye gazeti la sanaa, kwamba kitabu kilichokataliwa na maktaba kinapatikana. Leo watu wanaosomea sanaa ya vitabu wanaanzia kwake.

Kilichonigusa zaidi kuhusu Ruscha ni kitu kidogo. Zile 400 alizipa namba, nakala ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho, alafu baadaye akasema alikosea kuzipa namba. Hakutaka kila nakala iwe kitu cha thamani cha kufungiwa kabatini, alitaka kitabu cha kawaida kabisa, kimetoka kwenye mashine, kiko sawa na mwenzake, mtu yeyote anaweza kuwa nacho. Nilifikiria hilo siku nyingi. Namba ni wino kidogo tu nyuma ya kava lakini inabadilisha yule msomaji na inabadilisha venye atakishika. Mchapishaji wa kawaida hawezi kukaa na mwandishi usiku mzima wakijadili kama namba iwekwe ama isiwekwe. Ukijichapishia, hiyo ni sentensi kama sentensi ingine yoyote ya kitabu na ni wewe unaiandika. Mimi sikuweka namba.

Toleo la kwanza lilikuwa nakala 60, nilitoa kwa fotokopi kwenye saiba moja karibu na stendi. Nyeusi tupu. Zilikuwa safi, na zilikuwa baridi. Tona ya fotokopi, ule unga wake mweusi, inayeyushwa na joto inakaa juu ya karatasi kama ngozi, inang'aa kidogo, na ukikunja penye kuna weusi mwingi inavunjika unaona mstari mweupe. Michoro yangu ina weusi mwingi. Kwa hivyo kila kijitabu kilikuwa na ufa katikati kabla hakijafika kwa mtu.

Ndio nikaenda kwa mzee wa riso, Kondele.

Kama umesoma shule ya Kenya unajua riso ata kama hujui jina lake. Ile karatasi ya mtihani iliyokuja ikiwa na unyevu kidogo, ina harufu, ukifuta jasho mkono unachafuka, hiyo ilitoka kwa riso. Ni mashine ya Kijapani, na riso kwa Kijapani ni kama kusema ukamilifu unaoutamani, jina zuri sana kwa mashine ambayo sisi tunaijua kwa maswali ya hesabu ya katikati ya muhula. Inafanya kazi hivi: unaweka mchoro wako juu ya kioo, inausoma, alafu ndani inatoboa vishimo vidogo vidogo kwenye karatasi laini inaitwa masta, masta inajifunga kwenye dramu iliyo na wino ndani, dramu inazunguka na wino unasukumwa kupita kwenye vile vishimo mpaka kwenye karatasi. Hakuna joto la kuyeyusha wino. Wino unaingia ndani ya karatasi, unanywewa. Dramu moja ni rangi moja, ukitaka rangi ya pili unatoa dramu unaweka ingine na karatasi zilezile zinapita tena. Masta ndio inakula pesa, nakala zenyewe ni za bei ya chini, ndio maana ukiwa na nakala chache fotokopi inakufaa lakini ukifika mia na kitu riso inaishinda mbali.

Huko nje wasanii wengi wananunua hizi mashine zikiwa zimechakaa kutoka kwa shule na makanisa, wanatengeneza nazo vitabu vya sanaa vya kupendeza ajabu. Sisi zimejaa hapa. Kila mji wenye shule una mtu ana riso, na kati ya mitihani ya kufungua muhula na ya katikati huwa zimetulia tu zimefunikwa na kitambaa. Nimekuwa nikifikiria hilo sana, venye Nakuru, Kisumu, Kakamega, Bungoma, tuna karakana za uchapishaji tayari, na zinalala.

Mzee mwenyewe amefanya hii kazi tangu enzi za saiklostaili, ile ya kutaipu kwa stensili na kuzungusha kwa mkono. Anakumbuka miaka ya 1980, wakati wa Mwakenya, lile kundi la siri la kupinga serikali, watu walifungwa kwa sababu ya karatasi, mwingine kwa kupatikana nayo tu nyumbani. Ananiambia wakati huo mwenye mashine alikuwa anaiweka chumba cha ndani na kila stensili anaichoma mwenyewe jioni. Alisema hivyo akiwa anafuta dramu na kitambaa, bila kuinua macho. Tangu siku hiyo nikisikia mtu akiita kujichapishia mchezo wa watu wanaojipenda, namkumbuka huyo mzee na kile kitambaa.

Tukaanza na weusi. Kijitabu ni kurasa 32, karatasi nane za A4 zikikunjwa katikati, kwa hivyo pande 16, masta 16. Na hapa nataka nikuonyeshe kitu manake watu wengi wanakwama hapa. Ukikunja karatasi ziingiane, ile ya nje kabisa inabeba ukurasa wa 32 na wa 1 upande mmoja, na upande wa pili 2 na 31. Inayofuata, 30 na 3, alafu 4 na 29. Ukijumlisha namba mbili zilizo upande mmoja lazima upate 33, kila mara, mpaka ufike karatasi ya ndani kabisa ambayo ni 16 na 17. Nilibandika hiyo hesabu ukutani. Na ni kutokana na hiyo hesabu nilijua kwamba kitabu kizima kina mahali pamoja tu penye kurasa mbili zinazotazamana ni karatasi moja isiyokatika, yaani hapo 16 na 17. Kwingine kote mchoro ukivuka mkunjo unavuka kwenda kwa karatasi ingine na hauwezi kukutana sawasawa. Kwa hivyo ile barabara inayopanda mlima kutoka Mamboleo nikaiweka hapo, inaanza chini kushoto inaisha juu kulia, na pini mbili zinapita kwenye lami. Hilo wazo halikutoka kwa kuandika wala kwa kuchora, lilitoka kwa kukunja.

Alafu bluu. Nilitaka bluu kwenye pande nne tu, kwenye maandishi ya mabango. Mzee akabadilisha dramu, akalisha karatasi, ya kwanza ikatoka hafifu, ya pili hivyo hivyo, ya tatu bluu ikaja imejaa. Tukaisogeza dirishani. Bluu ilikuwa imehama kulia kama milimita mbili, imetoka nje ya mstari mweusi, herufi zote za MILL zina mwanya mweupe upande mmoja na upande wa pili rangi imemwagika.

Mzee akasema, "Hii tunarudia, msichana wangu. Siwezi kukupa kazi hivi."

Nikamwambia ngoja. Nikatoa picha niliyopiga ya lile bango lenyewe, la Chavakali. Tukaangalia pamoja. Yule fundi wa brashi alichora mstari mweusi kwanza, akaja na bluu baadaye, na bluu yake ilikuwa imetoka nje upande uleule. Mzee akanyamaza, akaweka miwani juu ya kichwa, akaangalia picha, akaangalia karatasi. Alafu akasema, "Basi tuiache, lakini ziwe zote hivi, isiwe hii hivi na ile vile." Akasimama kando ya mashine nakala zote 200 akizishika moja baada ya ingine kuhakikisha zimehama sawa. Huyo ni mtu amechapa mitihani miaka mingi sana, kazi yake yote ni kuhakikisha hakuna kitu kimehama.

Mambo ya rangi yananileta kwa William Blake, yule mshairi na mchongaji wa London, manake huyo ndio babu wa hii kazi kwa upande wa Waingereza. 1789 alitoa mashairi yake mwenyewe kwa njia aliyoibuni mwenyewe. Anaandika shairi na mchoro moja kwa moja kwenye bamba la shaba, anaandika kinyumenyume ili likichapwa lisomeke, kwa kitu kisicholiwa na asidi, alafu asidi inakula penye hapajaandikwa na maandishi yanabaki yameinuka. Yeye na mke wake Catherine wanachapa nyumbani, wanapaka rangi kwa mkono, kwa hivyo nakala mbili hazifanani. Maneno na picha vilitoka kwa mkono mmoja kwa wakati mmoja. Ruscha alitaka zote ziwe sawa, Blake kila moja ilikuwa ya kivyake, na wote wawili walikuwa sahihi juu kila mmoja alijua kitabu chake kinataka nini.

Changu kilitaka yote mawili nadhani. Ndani zote ziko sawa, mzee alihakikisha. Lakini kava ni karatasi ya kaki, ile tuliyokuwa tunafunikia madaftari shuleni, na jina nililigonga kwa muhuri nilioutoa kwenye soli ya slipa ya zamani kwa wembe, kwa hivyo kuna nakala jina limekolea na kuna nakala limepauka. Na kingo sikukata. Karatasi nane zikiingiana zile za ndani zinasukumwa nje kidogo, milimita moja hivi, na mzee ana gilotini ya kuzinyoosha kwa dakika chache, lakini nilipenda venye ukingo unakuwa na mteremko mdogo chini ya kidole.

Sasa kuhusu nani alitutangulia hapa. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa naamini vitabu vinatoka Nairobi, kama venye mvua inatoka juu. Alafu miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napekua vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini Oginga Odinga Street, nikaokota kimoja chembamba, nikafungua ule ukurasa wa nyuma ya jina, na pale penye huwa pameandikwa Nairobi au London pameandikwa Kisumu. Lake Publishers and Enterprises, Kisumu. Nilisimama pale na jua lote lile. Ni kampuni ya Asenath Bole Odaga. Alizaliwa 1937, alifariki 2014, alikuwa mtafiti wa fasihi simulizi, na 1982 akaanzisha uchapishaji wake hapahapa, akatoa vitabu vyake vya Kiingereza na vya Dholuo, hadithi ambazo angengoja sana kama angengoja mtu wa mbali azione zina maana. Hakuwa peke yake. Gakaara wa Wanjau kule Karatina aliandika na kuchapa Gikuyu maisha yake yote, alifungwa kizuizini wakati wa hali ya hatari, akatoka akaendelea, na 1984 akapata tuzo ya Noma, ile ya vitabu vya Afrika. David Maillu naye, ambaye pia ni mchoraji, aliunda Comb Books Nairobi miaka ya 1970 akauza riwaya zake kwa watu ambao walikuwa hawanunui riwaya. Tunasahau kwamba sehemu ya fasihi ya hii nchi ilipitia hiyo njia.

Lakini kwangu ni lile neno moja, Kisumu, pale nyuma. Kwa hivyo kwenye changu, nyuma ya ukurasa wa kwanza, nimeandika: Kimechapwa Kondele, Kisumu. Nilichukua muda mrefu kuchagua ukubwa wa hizo herufi kuliko kitu kingine chochote kwenye kitabu.

Kuna upande mgumu na sitauficha. Ukijichapishia hakuna mtu wa kukuzuia, na mtu wa kukuzuia anahitajika. Toleo la kwanza lilitoka na Khayega limeandikwa vibaya, nakala zote 60, na watu wa Khayega waliona. Siku hizi nawapa watu watatu wasome kabla, mmoja wao ni mwalimu wa Kiswahili ambaye hana huruma kabisa, na namlipa. Usipoweka mtu wa kukupinga, hiyo kazi haijamalizika. Kuuza nako ni kubeba begi. Za toleo la kwanza nilituma nyingi Nakuru kwa pasel za matatu, rafiki yangu anazipokea anaziuza kwa watu wake, pesa zinakuja kwa M-Pesa. PDF pia iko na mtu akiwa mbali namtumia WhatsApp bila shida, ingawa hiyo barabara ya ukurasa wa 16 kwenye simu inakuwa kitu kidogo cha kupitisha kidole.

Gharama ya hili toleo: rimu nne za karatasi 2,600, kuchapa 4,500, kaki 700, pini 120. Jumla 7,920, yaani shilingi 39 na senti 60 kila kijitabu, bila kuhesabu magoti yangu na nauli. Sijaweka bei nyuma ya kava, na hii ndio nilitaka kufikia.

Toleo la kwanza likiwa tayari nilipanda matatu nikaanza kupeleka nakala kwa wenye mashine, mmoja mmoja, manake ni kitabu chao. Pale Mbale kuna mama mmoja ana mashine ya stima, kibanda chake kiko ukurasa wa 21. Nilimkuta anafunga mkanda wa mashine, unga mpaka kwenye nyusi. Nikamsalimia, nikamwambia mama nimekuletea ile kitu. Akapangusa mikono kwa leso, lakini unga ni unga, akafungua na vidole vyeupe na kila ukurasa aliogusa ukabaki na alama ya kidole. Akafika kwake. Akaangalia muda mrefu.

"Ni hapa," akasema. "Mlango ni huu. Lakini ubao wangu umeupeleka wapi?"

Ana ubao mweusi mdogo kando ya mlango, anaandika na chaki, mstari wa kwanza bei ya kusaga, mstari wa pili bei ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia, ya mahindi siku hiyo juu anauza mahindi pia. Niliuacha nje nikichora. Niliona unajaza mchoro.

"Mtu akifika mahali hakuna bei, anaogopa kuingia," akasema. "Anafikiri ni ya watu wengine."

Nikatoa kalamu nikauchora hapo hapo kwenye nakala yake, nikamuuliza bei, nikaandika. Zile zingine zilizokuwa kwa begi nikazichora kwenye matatu nikirudi, mistari imepinda penye gari lilikuwa linaruka matuta.

Kwa toleo hili nimechora ubao vizuri, ukurasa wa 21, na nikauacha mtupu. Ndani yake ndio bei ya kijitabu inaandikwa. Kijitabu kinauzwa bei ya gorogoro moja ya mahindi pale Mbale, siku hiyo kinapotoka kwangu. Mahindi yakipanda kinapanda, yakishuka kinashuka. Kwa hivyo kila nikipata oda nitapiga simu kwanza.

Jana asubuhi zile 200 zikiwa zimekaa chini ya matofali mawili ili mikunjo ilale, nikampigia kwa mara ya kwanza. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yake akawa anapiga kelele. Nikamuuliza, "Mama, gorogoro leo ni ngapi?"

"Mia na thelathini," akasema. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamwambia mtu asogeze ndoo. "Lakini mvua imeanza huku. Andika na penseli."